Kamera Darasani ni Jicho la Nani?

Msomaji wangu, katika vyumba vya walimu siku hizi kuna mabishano ambayo yakuhusu wewe kuliko yanavyotuhusu sisi, ingawa hukualikwa kuyasikiliza. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa kamera iingizwe darasani, somo lirekodiwe kwa video, kisha litazamwe na kuchunguzwa polepole kama daktari achunguzavyo tone la damu kwa hadubini? Wako wasemao la. Hoja yao ni kwamba mwalimu akishahitimu hatazamwi. Cheti chake kimekwisha kumshuhudia, na mlango wa darasa ni kama mlango wa nyumba yake. Wako pia wasemao ndiyo, tena kwa furaha kubwa, lakini ukiwasikiliza vizuri utatambua kuwa kitu wanachokitaka ni ulinzi. Wangependa kamera itundikwe juu ya ubao kama ile ya benki, na mkuu wa shule aketi ofisini akiwatazama walimu na wanafunzi kama bawabu atazamavyo ghala, kisha jambo hilo wanaliita utafiti. Mimi nafundisha walimu kazi ya ualimu, na kamera naitaka darasani. Lakini naitaka kwa masharti, na masharti hayo hayatapendwa na kundi la kwanza wala la pili.

Nianze na hao wa kwanza. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwalimu asimamapo mbele ya darasa akili yake imegawanyika vipande vingi: kipande kimo katika hesabu iliyo ubaoni, kipande katika saa, kipande kwa yule kijana aliye karibu na dirisha ambaye macho yake yamo barabarani, na kipande katika chaki ambayo imebaki kama ukucha. Kengele ikilia, muulize somo lilikwendaje, naye atakujibu kuwa lilikwenda vizuri. Hasemi uongo. Amekumbuka alichokiona, yaani nyuso nne au tano zilizomwitikia. Wewe uliyeketi safu ya nyuma uliona somo jingine kabisa. Masomo hayo mawili yalifanyika katika chumba kimoja na saa moja, na hakuna ajuaye lipi ndilo lililofundishwa. Nimepata kumsikia mtu akisema kwamba mwalimu hodari hana haja ya kioo. Ajabu! Mwenye uso mzuri ndiye ajitazamaye mara nyingi.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi kumbukumbu ilivyo dhaifu. Mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, ambaye uchunguzi wake ulijulikana sana katika miaka ya 1970, alizisikiliza kanda za sauti za masomo ya sayansi akapima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Aliona kuwa kwa kawaida ni sekunde moja hivi, pengine pungufu. Kisha mwalimu humtaja mwingine, au hulirudia swali, au hujijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema, na miongoni mwao walikuwamo waliodhaniwa kuwa wazito. Sasa nakuuliza, msomaji, ni mwalimu gani awezaye kukumbuka sekunde moja? Ni mkaguzi gani awezaye kuiandika katika fomu? Bila kanda jambo hilo lisingejulikana, na wale waliodhaniwa wazito wangezidi kuitwa hivyo mpaka wamalize shule.

Utaniambia kwamba wakaguzi wapo. Wapo, na siwadharau. Lakini hapa sina haja ya kusema mengi, maana siku ya mgeni waijua kuliko mimi. Mwalimu huvaa tai. Chati zilizokuwa zimekunjwa juu ya kabati tangu muhula uliopita hubandikwa ukutani. Wanafunzi wanaojibu vizuri huhamishiwa mbele, na somo linalofundishwa lilikwisha kufundishwa juzi. Kuna kisa kinachosimuliwa karibu katika kila shule niliyopata kupita, cha darasa lililoagizwa kwamba swali likiulizwa wote wanyooshe mikono: ajuaye anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Kama kisa hicho ni cha kweli au cha kutungwa si neno. Kila aliyesoma hucheka akikisikia, na kicheko hicho ni ushahidi. Mgeni huketi nyuma akajaza fomu. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanzisha mfumo wake wa kutathmini utendakazi wa walimu mwaka 2016, kumtazama mwalimu akifundisha kulifanywa sehemu ya mfumo huo, na nia yake ilikuwa njema. Lakini fomu huuliza kama mwalimu alitumia kifaa. Haina nafasi ya kuandika kuwa kifaa kilizunguka safu mbili za mbele kisha kikarudi mezani.

Wazo la kumrekodi mwalimu ili ajione si geni. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Dwight Allen na wenzake walianzisha ule unaoitwa ufundishaji mdogo: anayejifunza ualimu hufundisha kwa dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, hurekodiwa, hujitazama, huzungumza na mkufunzi wake, kisha hufundisha tena. Jina hilo lajulikana katika vyuo vyetu vya ualimu, lakini pale pasipokuwa na kamera huachwa ile sehemu yenye maana kuliko zote, yaani kujitazama. Baadaye kamera ilitoka chuoni ikaingia katika madarasa ya kawaida. Mwaka 1995 James Stigler na wenzake walikusanya video za masomo 231 ya hesabu ya darasa la nane: 100 kutoka Ujerumani, 81 kutoka Marekani na 50 kutoka Japani. Walimu wengi wa Marekani walikuwa wameandika katika hojaji kwamba wanafuata njia mpya za kufundisha; video ziliwaonyesha wakifundisha kwa njia zile zile za zamani. Huko Japani mara nyingi wanafunzi walionekana wakipewa swali gumu wahangaike nalo kwanza, na mwalimu hakuwaonyesha njia mpaka wamekwisha kujaribu. Uchunguzi huo uliporudiwa mwaka 1999 kwa masomo 638 ya hesabu katika nchi saba, hata nchi moja ya Afrika haikuwamo. Jambo hili silitaji kwa kulalamika. Nalitaja kwa sababu wanaopinga kamera hapa kwetu husema kuwa masomo yetu yamekwisha kuchunguzwa vya kutosha.

Yapo machache yanayojulikana juu yetu, na hayafurahishi. Mwaka 2005 Caroline Pontefract na Frank Hardman walichapisha uchunguzi wao juu ya mazungumzo katika madarasa ya shule za msingi za Kenya, ya Kiingereza, hesabu na sayansi. Waliona kuwa sehemu kubwa ya somo ni maelezo ya mwalimu, kukariri na kurudia. Huhitaji kusafiri kuyaona hayo. Mwalimu husema, “Mmea hutengeneza chakula chake kwa msaada wa mwanga wa…” na darasa zima huitika, “Jua!” Mwalimu huuliza, “Tumeelewana?” na darasa zima huitika, “Ndiyo!” Sauti ni moja, kubwa, tamu kama ya kwaya. Mwalimu huisikia akaridhika. Lakini itazame kwaya hiyo katika video, bila haraka, huku sauti imezimwa: utaona midomo ambayo haikufunguka, na mingine iliyofunguka nusu nukta baada ya wenzao, ikifuata sauti isiyoijua. Sikio husikia darasa. Jicho tu ndilo linaloweza kumwona mtu mmoja mmoja.

Sasa nije nyumbani. Sisi wa Rukala, watu wa Busia na Malaba, tunaishi mahali ambapo lugha hupishana barabarani kama malori. Darasa moja huweza kuwa na wenye kusema Kiteso, Kisamia, Kimarachi, Kikhayo, Kijaluo, na mwingine aliyelala jana upande wa Uganda kwa shangazi yake akaja na Kiganda. Juu ya hizo zote kuna Kiswahili cha uwanjani na Kiingereza cha ubaoni. Mwalimu wa fizikia hufundisha kwa Kiingereza. Katika video za vijana wanaojifunza ualimu nimeona jambo hili mara nyingi kiasi cha kutoliona tena kuwa la bahati: mwalimu anaeleza, kisha anageuka kuandika, msichana wa safu ya tatu anamwinamia jirani yake na kumnong’oneza, jirani anachora kitu hewani kwa kidole, anamjibu maneno machache kwa Kiteso, msichana anatikisa kichwa kwamba amefahamu, anashika kalamu. Hapo mwalimu anageuka. “Kelele!” Naye kiranja wa darasa, ambaye daftari lake li tayari, anaandika majina mawili katika orodha ya wapiga kelele.

Itazame orodha hiyo, msomaji, maana huenda jina lako limo. Katika somo zima la dakika 40 huenda dakika ile ya kunong’ona ndiyo pekee ambayo msichana yule alijifunza kitu, na aliyemfundisha hakuwa mwalimu. Orodha inasema wawili hao waliharibu somo. Video inasema waliliokoa. Mwalimu aliyekuwa ameipa mgongo safari nzima ya fikira zao hana njia ya kujua kwamba amewaadhibu watu kwa kosa la kuelewa. Watafiti wameandika kwa miaka mingi juu ya walimu wa Kenya na Tanzania wanaochanganya lugha ili wanafunzi wawafuate. Juu ya wanafunzi wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa siri chini ya dawati, walimu wengi hawajaambiwa neno. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuitaka kamera, na kama sababu nyingine zote zingeanguka, hii ingenitosha.

Lakini nisimpendelee upande mmoja. Kundi la pili, lile la walinzi, lina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa linashika chombo kile kile na kukigeuza. Kamera ina historia yake katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanyika jaribio la sinema za kuwaelimisha Waafrika, chini ya uongozi wa Wazungu akiwamo Meja Notcutt. Picha zilipigwa, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hata Nyasaland, na watu wakakusanyika usiku kuzitazama. Waafrika walikuwa mbele ya kamera wakicheza, na walikuwa mbele ya pazia wakitazama. Nyuma ya kamera, mahali pa kuamua lipi lionekane na lipi likatwe, palikuwa pa wengine. Jaribio lile lilikwisha zamani, lakini mahali pale nyuma ya kamera hapajawahi kukaa pasipo mtu. Sisi wa mpakani twaujua vizuri mambo haya. Shehena ivukayo kwenda Uganda hufungwa lakiri ya kielektroniki, na maofisa walio mbali huufuata mwendo wake hatua kwa hatua. Dereva aliye ndani ya lori ndiye asiyeona kile wanachokiona wao. Mtu hawezi kuita hiyo elimu ya dereva.

Basi mkuu wa shule akitundika kamera na kuihifadhi video katika jalada la mwalimu, nini kitatokea? Kitatokea kile kile cha siku ya mgeni, ila sasa mgeni hataondoka. Mwalimu atafundisha lililo salama. Hatauliza swali ambalo huenda darasa likashindwa kulijibu. Hatajaribu njia ya Wajapani ya kuwaacha wanafunzi wahangaike, maana kuhangaika, kukitazamwa na mtu asiyejua somo, huonekana kama fujo. Wanafunzi nao watakaa kama sanamu. Tutapata video nyingi safi zisizo na ukweli hata mmoja. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba video iliyorekodiwa kwa uchunguzi isitumiwe kumpandisha mwalimu cheo wala kumshusha, isitumiwe kumfukuza mwanafunzi wala kumpa tuzo. Anayeona sharti hili ni gumu hataki kujua; anataka kukamata.

Sharti la pili linakuhusu wewe. Uso wako ni mali yako. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na haikusema “ila mwenye sare ya shule”. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na picha ni habari. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi. Uganda nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka ule ule wa 2019. Kwa hiyo mwalimu wa Busia ambaye wanafunzi wake wengine huvuka asubuhi kutoka ng’ambo na awapelekee barua wazazi wao huko huko, wala asiseme kwamba mpaka ulimzuia. Mpaka haujawahi kuizuia hata debe moja la mahindi.

Hapa pana jambo linalonikera, nami nitalisema. Katika shule nyingi za bweni mwanafunzi akipatikana na simu huadhibiwa, na simu yenyewe hutwaliwa. Sibishani na kanuni hiyo leo. Lakini mwalimu yule yule aliyeitwaa simu hutoa yake mfukoni, humrekodi mwanafunzi aliyekosea jibu au anayecheza ngoma katika tamasha, na kabla ya jua kuchwa picha hiyo imekwisha zagaa TikTok ikichekwa na watu wasiomjua. Kisha anajiita mtafiti! Utafiti una swali kabla ya kuwa na kamera. Asiye na swali ni mpiga picha tu, na asiye na idhini hata upiga picha haumstahili.

Najua nitajibiwa kuwa kamera nayo hulibadilisha darasa, kwamba mbele yake hakuna aliye mwenyewe. Siku ya kwanza ni kweli. Wengine watachana nywele, wengine watapunga mkono. Siku ya nne itakuwa kama kabati. Nitajibiwa tena kuwa shule zetu ni maskini. Simu ya kawaida iliyoegemezwa dirishani yatosha, mradi ichajiwe na isirekodi wakati mvua inanyesha juu ya mabati, maana hapo hata mwalimu hasikiki. Kilicho kigumu zaidi ya fedha ni mahali pa kuiweka. Ukiiweka nyuma ya darasa, itaona alichokiona mkaguzi: mgongo wenu na uso wa mwalimu. Hata wale wachunguzi wa 1995 walitumia kamera moja iliyomfuata zaidi mwalimu. Waliporudi mwaka 1999 waliongeza ya pili kwa ajili ya wanafunzi. Sisi wenye moja na tuiweke mbele, iwatazame walio nyuma. Sauti ya mwalimu itasikika tu. Sauti hiyo haijawahi kukosa kusikika.

Tena isitazamwe na mwalimu peke yake. Joseph Tobin na wenzake, katika kitabu chao cha 1989 juu ya shule za watoto wadogo wa Japani, Uchina na Marekani, walikuwa na desturi nzuri: waliwaonyesha video wale wale waliorekodiwa na kuwauliza maana ya walichokifanya, ndipo wakawaonyesha wengine. Na tufanye hivyo, lakini tusiishie kwa walimu. Siku moja mchana, kabla video haijafutwa, kwa sababu lazima ifutwe, na ifutwe mbele ya darasa zima, mwalimu aketi kwenye dawati miongoni mwa wanafunzi wake waitazame pamoja. Ikifika dakika ile ambayo swali liliulizwa na safu ya nyuma ikainamisha vichwa, video isimamishwe. Orodha ya wapiga kelele iwekwe kando. Walioinamisha vichwa waulizwe walikuwa wakifikiri nini, kwa lugha yoyote wanayoitaka, na mwalimu angoje jibu zaidi ya sekunde moja.